Ndege Zilale Port Reitz: Risala ya Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Bunge la Taifa inayosimamia masuala ya ulinzi. Nakala kwa Waziri wa Ulinzi na Mkuu wa Majeshi.

Waheshimiwa,

Sisi wakazi wa Mombasa bara tunaleta mbele yenu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa maafisa wa jeshi peke yao: ndege za uchukuzi za jeshi letu na mafuta ya kuzirusha. Tunalileta kwa haki tuliyopewa na Kifungu cha 119 cha Katiba. Tunalileta pia kwa sababu sisi ndio majirani. Uwanja wa Kimataifa wa Moi uko Port Reitz, una njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, na tangu Vita vya Pili vya Dunia ndege za kijeshi zimekuwa zikipita juu ya mapaa ya nyumba zetu. Likoni tumepakana na kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Watu wa Kisauni nao wamezoea kuyaona malori ya jeshi yakiingia na kutoka kambi ya Nyali. Hatulalamikii ujirani huu. Wengi wetu tuna watoto na ndugu ndani ya sare hizo.

Dai letu kubwa ni moja. Kenya iweke Port Reitz, kwa kudumu, ndege zake yenyewe za kubeba watu, mizigo na majeruhi. Ziwe na marubani na mafundi wanaoishi hapa. Ziwe na mafuta ya kuzifikisha Kiunga na kuzirudisha. Na wajibu wao wa kuwaokoa raia uandikwe mahali ambapo raia anaweza kuusoma.

Tunajua kwamba wanahewa wana kituo cha mbele hapa Mombasa. Lakini kuwa na kituo ni jambo moja, na kuwa na ndege inayolala hapo usiku na wafanyakazi wake wakingoja wito ni jambo jingine.

Waheshimiwa, uwanja huu umewahi kuonyesha unachoweza kufanya. Agosti 1992, Somalia ilipokuwa ikifa kwa njaa, Wamarekani walipiga kambi Port Reitz wakaanza kusafirisha chakula kwa ndege za Hercules na Starlifter. Wajerumani nao waliruka kutoka hapa na ndege zao za Transall. Kwa miezi kadhaa unga, mchele na dawa vilipakiwa alfajiri na kushushwa Baidoa, Belet Weyne na hata Wajir, ndani ya nchi yetu wenyewe, ambako ukame ulikuwa umewapiga wafugaji wetu. Mtoto wa Magongo wa wakati ule aliyekuwa akihesabu ndege angani sasa ni baba wa watu, na bado anakumbuka mngurumo wake. Tunawashukuru wote waliofanya kazi ile. Lakini hatukosi kujiuliza: kilo zile za chakula zilizokwenda Wajir, kutoka uwanja wa Kenya kwenda kwa raia wa Kenya, zilibebwa na mbawa za nani?

Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise ilipolipuliwa Kikambala, na makombora mawili yakarushwa kuilenga ndege ya abiria iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja huu huu, Israeli ilituma Hercules za jeshi lake zikaja kuwachukua watu wake. Zilitoka mbali sana, na zilifika. Wakenya waliokufa siku ile walikuwa wengi kuliko wageni, na miongoni mwao walikuwa wachezaji ngoma waliokuja kuwakaribisha watalii.

Kwa hiyo uwanja si tatizo. Mgeni akiwa na ndege, Port Reitz inamtosha. Sisi tunazungumzia mwenyeji.

Tazameni Garissa, tarehe 2 Aprili 2015. Washambuliaji waliingia chuo kikuu alfajiri. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce, ambacho ndicho kilichoweza kuyamaliza mashambulizi hayo, kilikuwa Nairobi, safari ya ndege isiyofika saa moja na nusu hata kwa ndege ndogo. Kilifika mchana. Watu 148 waliuawa. Tunajua kwamba ndege za polisi ziko chini ya idara nyingine, wala si jeshi. Mzazi aliyempoteza mtoto hajali idara. Anachouliza ni kwa nini nchi yenye viwanja vya kijeshi Nairobi, Nanyuki, Wajir na Mombasa haikuwa na ndege moja iliyowashwa tayari, iwe ya rangi gani.

Tazameni pia Somalia. Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036 na kuruhusu misheni ya Umoja wa Afrika iwe na helikopta 12: tisa za uchukuzi na tatu za mashambulizi. Kambi ya vijana wetu ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, karibu miaka minne baadaye, misheni ile bado haikuwa na kikosi hicho kamili. Uganda ilijaribu mapema. Agosti 2012 ilituma helikopta nne zivuke Kenya, zijaze mafuta Garissa, kisha ziingie Somalia. Tatu ziliangukia Mlima Kenya, na moja tu ndiyo iliyofika Garissa. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwamba kuwa na chombo cha kuruka si hata nusu ya kazi; kazi yenyewe ni njia, hali ya hewa, vituo vya mafuta, na rubani aliyeifanya safari ile mara nyingi kabla ya siku ya hatari. Na Juni 2024, polisi wetu wa kwanza walipokwenda Haiti, walipanda ndege ya Kenya Airways, huku sehemu kubwa ya vifaa ikipelekwa na ndege kubwa za jeshi la Marekani. Cha kuazima hakisitiri maungo.

Hatusemi serikali haijafanya kitu. Ndege za Buffalo zilizotuhudumia tangu miaka ya 1970 zilichakaa, na nchi imenunua Italia ndege tatu za C-27J Spartan. Ni ndege nzuri kwa nchi kama yetu. Inabeba kama tani 11, inatua kwenye uwanja mfupi wa changarawe, na ikifungwa machela inachukua majeruhi 36 wakiwa wamelala. Marekani nayo imetupa Skytruck ndogo zinazofaa viwanja vya vijijini. Tatizo la ndege tatu linaeleweka hata na mwenye matatu tatu za Likoni hadi Ukunda: siku yoyote ile, moja iko gereji, moja iko safarini, na abiria wote wanaitazama iliyobaki. Ndiyo sababu tunaliomba Bunge lisihesabu ndege zilizonunuliwa; lihesabu zilizo tayari kuruka leo, na saa ambazo kila rubani ameruka mwaka huu.

Hili la saa za rubani na matengenezo tunalisema kwa uchungu. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Y-12 ya jeshi ilianguka Marsabit ikiwa na viongozi waliokuwa wakienda kuhubiri amani. Watu 14 walikufa, akiwemo Dakta Bonaya Godana. Septemba 2023 helikopta ya doria ya usiku ilianguka Lamu na wanajeshi wote waliokuwamo wakafa. Tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza Mkuu wa Majeshi mwenyewe, Jenerali Francis Ogolla, rubani wa maisha yake yote, pamoja na wenzake tisa, ndani ya helikopta huko Elgeyo Marakwet. Baada ya kila ajali tunaambiwa kwamba kamati ya uchunguzi imeundwa. Tunaomba ripoti hizo ziwafikie wabunge kwa ukamilifu, na yale yasiyohatarisha ulinzi yawafikie wananchi.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapa Changamwe tuna neno la kusema.

Mafuta karibu yote ya ndege yanayotumika Kenya huingilia Kipevu. Hupita kwenye mabomba yaliyo chini ya mitaa yetu na kuanza safari ya kwenda Nairobi kwa bomba. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichoanza kazi mwaka 1963 kiliacha kusafisha mwaka 2013, lakini matangi bado yapo, na sisi bado tunalala kando yake. Harufu yake tunaijua, na hatari yake tunaibeba. Haiingii akilini kwamba nchi inayopokelea mafuta yake hapa ikose kuyapanga mafuta hayo kando ya pwani hii hii, kule ambako helikopta zinayahitaji.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kutoka Port Reitz hadi Lamu, kwa mstari wa ndege, ni kama kilomita 240. Hadi Kiunga, mpakani, ni kama 330. Helikopta ya Huey huenda takriban kilomita 500 kwa tangi moja. Ikienda Lamu na kurudi imebakiwa na tone. Ikienda Kiunga haiwezi kurudi bila kujaza. Na akina mama wanaopata matatizo ya uzazi Kiunga, wavuvi wanaojeruhiwa Kizingitini, na askari wanaokanyaga bomu barabara ya Boni, hospitali yao kubwa ya rufaa ni ile ya Makadara, kisiwani Mombasa. Novemba 2023 mvua za El Nino zilipoikata barabara ya Lamu na kuifanya Garissa kuwa kama kisiwa, waliobaki ng'ambo walikuwa na boti tu, na boti katika mto Tana uliofurika ni kuchezea roho.

Tumesikia watu wakizungumza kwamba wakati umefika wa Kenya kununua ndege za kujaza mafuta angani, zile zinazozipelekea ndege nyingine bomba hewani bila kutua. Kenya haina hata moja. Sisi tunaomba, kwa heshima, wazo hilo lisubiri. Ndege moja ya aina hiyo, kama zile za Airbus zinazotumiwa Ulaya, inagharimu mamia ya mamilioni ya dola, na inataka ndege nyingine zilizotengenezwa kupokea mafuta yake. Nchi tajiri zenyewe zimeona mzigo: nchi kadhaa za Ulaya, zikiwemo Uholanzi, Ujerumani, Ubelgiji, Norway, Luxembourg na Jamhuri ya Czech, zinachangia kundi moja la ndege hizo lenye makao Eindhoven. Ndege kubwa za mizigo nazo, C-17 tatu zilizoko Pápa, Hungaria, zinashirikiwa na mataifa kumi na mawili. Kama matajiri wanachangia, Kenya, Tanzania, Uganda na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana sababu gani ya kutochangia? Jeshi la Jumuiya lilipokwenda Goma Novemba 2022, kila nchi ilijitafutia njia yake. Mazungumzo ya kuwa na ndege za pamoja za mizigo yaanze sasa, na Mombasa ifikiriwe kuwa kituo chake, kwa kuwa bandari, reli na mafuta viko hapa.

Lakini lililo ndani ya uwezo wetu, tena mwaka huu wa bajeti, ni mafuta ya ardhini. Tunataka matangi yenye ulinzi na wahudumu Manda, Garissa na Kiunga, na malori ya mafuta yanayoweza kupelekwa pale barabara inapopitika. Tangi la Kiunga lingefanya kazi ambayo ndege ya kujazia angani ingefanya kwa gharama isiyoelezeka. Na kwa kuwa Manda ilishambuliwa na al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020, ndege zikachomwa zikiwa chini, ulinzi wa matangi hayo usiachwe kuwa jambo la baadaye.

Kuhusu wajibu kwa raia, Katiba imeshasema. Kifungu cha 241 kinawataka wanajeshi wasaidie mamlaka nyingine wakati wa dharura na majanga, na kila wakifanya hivyo watoe taarifa kwa Bunge la Taifa. Kinachokosekana ni utaratibu. Daktari wa Lamu ampigie nani usiku wa manane? Nani anaidhinisha ndege, na kwa muda gani? Gavana ana nafasi gani? Likoni tuliona tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa, kwamba saa ya msiba si saa ya kutafuta nambari ya simu. Tunataka makubaliano ya maandishi kati ya Wizara ya Ulinzi na kaunti sita za Pwani, yenye nambari moja ya simu, na mazoezi ya pamoja kila mwaka na wahudumu wa hospitali.

Vijana wetu pia wana haki yao. Ndege zikilala Port Reitz, mafundi wake wasitoke mbali wote. Nafasi za kujifunza ufundi wa ndege ziwekwe wazi kwa vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe, kwa mtihani na si kwa kujuana.

Na kabla tofali la kwanza halijawekwa, au tangi jipya halijachimbiwa, wakazi wa Chaani, Migadini na Magongo waitwe na kusikilizwa juu ya kelele, ardhi na hatari ya moto. Ramani ya mipaka ya uwanja ibandikwe ofisi ya chifu, ili mtu ajue nyumba yake iko wapi asije akaamshwa na tingatinga.

Tunaiomba Kamati ije kusikiliza maombi haya Changamwe, mchana, kwa Kiswahili, na wanahewa waje na hesabu ya ndege zilizo tayari. Majibu tunayataka kwa maandishi, yakiwa na tarehe mbele ya kila ahadi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe