Mtelezo wa maji kwa watoto: kabla ya kuukodi, angalia upepo na madumu ya maji

Shule zikishafungwa Desemba, viwanja vya Karatu mjini hubadilika rangi. Siku ya Krismasi na Mwaka Mpya, kama ilivyo kwa Idd, utakuta jumba la plastiki jekundu na bluu limesimama kwa upepo wa feni, na watoto wamepanga foleni huku sarafu zimewalowa jasho mkononi. Wengi wetu huziita bembea tu, ingawa hazibembei. Sasa kuna ndugu yake mrefu zaidi, ambaye vijana wanaoneshana kwenye simu: mtelezo wa maji wa kupuliza. Mtoto hupanda ngazi laini, hukaa juu, kisha huteleza na maji hadi kwenye kidimbwi kilichoko chini. Marekani watu huuweka uani, nyuma ya nyumba.

Maswali yanayotufikia studio kuhusu kitu hiki ni ya aina mbili. Wazazi wanauliza kama ni salama. Vijana wanauliza kama kinalipa, hasa wakifikiria sikukuu na watu wanaofurika mjini kwenye mnada wa kila tarehe 7. Maswali haya mawili yana jibu moja, na jibu hilo linaanzia kwenye namna chombo chenyewe kilivyotengenezwa.

Hiki si puto

Puto ukilifunga mdomo, hewa hukaa ndani. Mtelezo mkubwa wa kupuliza haufanyi kazi hivyo. Umeshonwa kwa uzi, kama turubai la lori, na hewa hutoka mchana kutwa kupitia matundu ya sindano. Umetengenezwa uvuje. Mtoto akianguka juu yake, hewa hupata pa kukimbilia, na ndiyo maana haumuumizi. Kinachoufanya usimame ni mashine ya kupuliza inayounguruma muda wote, kuanzia mtoto wa kwanza anapopanda hadi wa mwisho anaposhuka. Wazo hili lilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, pale mhandisi John Scurlock wa Louisiana alipokuwa akitengeneza mapaa ya kupuliza ya kufunika viwanja vya tenisi na kugundua kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakifurahia kuyarukia.

Kwa hiyo umeme ukikatika, mtelezo hulala. Hauporomoki kama ukuta wa matofali, lakini ndani ya muda mfupi kuta zake hulegea na kukunjamana, na mtoto aliye juu kabisa hushuka nao. Hatuhitaji kumweleza mtu wa Karatu au Loliondo habari za umeme kukatika. Mwenye mtelezo asiye na jenereta iliyo tayari, na mtu mzima wa kuwashusha watoto mara moja, hajajiandaa. Jenereta yenyewe isiwekwe karibu na mdomo wa mashine ya kupuliza, maana moshi wake utavutwa na kupulizwa hadi walipo watoto. Na kwa kuwa hapa umeme na maji vinakaa jirani, nyaya zisilale kwenye nyasi zilizolowa, mashine iwe upande maji yasikofika, na fundi aweke kikata umeme kinachojizima chenyewe umeme unapovuja.

Kuna jambo jingine la ndani ambalo halionekani kwa macho. Hewa ikijazwa kwenye mfuko hutaka kuufanya mviringo kama mpira. Ili mgongo wa mtelezo uwe tambarare na kuta zisimame wima, ndani hushonwa vipande vya kitambaa vinavyovuta upande huu na ule, kama kamba za hema. Vipande hivyo vikichanika, mahali hapo hutokeza nundu na mtoto hurushwa pembeni. Ukiona mtelezo una nundu isiyo na mwenzake upande wa pili, mwondoe mwanao hapo.

Arusha kuna mafundi hodari wanaoshona mahema ya kambi za watalii, na hatuoni kwa nini wasiweze kushona mtelezo pia. Kitambaa kinachofaa ni kile kizito cha nailoni au poliesta kilichopakwa plastiki pande zote, nyuzi ziwe za poliesta, na mishono iwe miwili au zaidi. Uzi wa pamba huoza kwa maji. Rangi nayo ina maana yake: jua la huku juu ni kali, na plastiki nyeusi au ya bluu iliyokolea, ikikosa maji kwa nusu saa, huchoma mapaja ya mtoto. Lakini kushona umbo ni sehemu rahisi. Kazi ngumu iko kwenye masikio ya kufungia kamba za ardhini, maana hapo ndipo roho za watoto zinaponing'inia.

Kisulisuli

Tarehe 16 Desemba 2021, katika shule ya msingi Hillcrest mjini Devonport, Tasmania, nchini Australia, watoto walikuwa wakisherehekea kumaliza mwaka wa masomo. Kisulisuli kilipita uwanjani na kuliinua jumba la kurukia juu pamoja na watoto waliokuwemo. Watoto sita walikufa. Wiki chache baadaye, Januari 2022, jumba jingine liliinuliwa na upepo huko Mislata, Hispania, na wasichana wawili wakafariki.

Kesi ya Devonport inafaa kusomwa kwa makini na kila anayetaka kuingia kwenye biashara hii. Mahakama ilielezwa kwamba jumba lilikuwa na sehemu 8 za kufungia, na zilizofungwa zilikuwa 4. Hata hivyo, mwaka 2025 hakimu alimwona mwendeshaji hana hatia, kwa sababu kisulisuli kile kilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida na hakikuweza kutabirika.

Hatubishani na hakimu wa Tasmania. Tunasema tu kwamba utetezi huo ungekuwa mgumu hapa kwetu. Nani kati yetu hajaviona visulisuli vikitembea mchana wa Septemba kwenye mashamba yaliyovunwa, au kule chini kuelekea Eyasi, au kwenye tambarare ya Olduvai, vumbi likipanda kama nguzo? Wafugaji huvitazama kila siku ya kiangazi. Kwetu, kisulisuli ni sehemu ya hali ya hewa, na anayepuliza mtelezo uwanjani saa saba mchana wakati wa kiangazi anajua kinaweza kuja.

Tufanye hesabu ndogo. Mtelezo wenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 4 una ubavu mpana kama tanga la jahazi dogo. Upepo wa kilomita 38 kwa saa ukiupiga ubavuni, huusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 150. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Na mtelezo wenyewe ni mwepesi, ndiyo maana vijana wachache wanaweza kuubeba na kuupakia kwenye pikapu.

Kiwango cha Ulaya cha vyombo hivi, EN 14960, kinataka visitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna kipimo? Tazama miti: upepo wa kiasi hicho hufanya miti midogo yenye majani iyumbe yote, si matawi tu. Kiwango hicho kinataka sehemu za kufungia zisizopungua sita, na mambo ya chuma yenye urefu wa milimita 380 na unene wa milimita 16. Mahali ambapo mambo hayaingii, kwa mfano kwenye sakafu ya zege, kila sehemu ifungiwe uzito wa kama kilo 163. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Maana yake ni mifuko mitatu na zaidi kwa kila kamba, karibu mifuko ishirini kwa mtelezo mzima. Ukiona kamba imefungwa kwenye tofali moja, au kwenye bampa ya pikipiki, usilipie.

Mambo ya chuma yanahitaji pia udongo unaoshika. Udongo mwekundu wa Karatu ukiwa mkavu hushika vizuri, lakini baada ya mvua, au baada ya saa tatu za maji kumwagika kutoka kwenye mtelezo wenyewe, hulegea. Hilo halipo kwenye jumba la kavu. Mtelezo wa maji huidhoofisha ardhi inayoushikilia, na anayeuendesha anatakiwa kuzikagua mambo kila saa, si asubuhi tu.

Mwisho wa mteremko

Marekani kulikuwa na mtelezo mwingine wa bei rahisi, karatasi ndefu ya plastiki inayotandikwa kwenye nyasi na kulowanishwa, uliouzwa kuanzia mwaka 1961 kwa jina la Slip 'N Slide. Mwaka 1993 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilionya kwamba watu wazima saba na kijana mmoja wa miaka 13 walikuwa wameumia shingo au kupooza, kati ya 1973 na 1991. Sababu yake ni uzito. Mtoto mdogo hujirusha na kuteleza. Mtu mzima hujirusha, mwili husimama ghafla, na shingo hubeba yote. Mwaka 2012 tume hiyo hiyo ilitangaza kurudishwa kwa mitelezo ya kupuliza kama 21,000 ya jina la Banzai, iliyowekwa kando ya mabwawa ya kuogelea, kwa sababu iliweza kuishiwa upepo mtu akiwa juu yake, akagonga chini. Mwanamke mmoja alikuwa amefariki.

Kwa hiyo baba au mjomba anayetaka kuwaonesha watoto jinsi anavyoteleza, abaki na simu yake apige picha. Watoto washuke wakiwa wamekaa, miguu mbele, mmoja mmoja, na wa nyuma asiachiwe mpaka wa mbele ametoka kidimbwini. Wakubwa na wadogo wasichanganywe. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote siku ya sikukuu, kwa sababu kila mtoto wa ziada ni sarafu ya ziada.

Tunalisema hili tukikumbuka Tabora. Sikukuu ya Idd, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto 20 walikufa katika ukumbi wa Bubbles kwenye disko toto. Hakukuwa na mtelezo wala jumba la kupuliza pale. Kulikuwa na watoto wengi kuliko nafasi na hewa iliyokuwepo, na furaha iliyouzwa kwa kichwa. Serikali ikapiga marufuku disko toto. Kucheza ni haki ya mtoto, imeandikwa kwenye ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Lakini biashara ya kuchezesha watoto ikikosa mtu wa kuhesabu vichwa, hufika siku ikafungwa yote, pamoja na ya wale waliokuwa wakiifanya vizuri.

Punda ishirini na tano

Sasa maji. Mpira wa bustani hutoa kama lita 10 hadi 15 kwa dakika. Ukiachwa wazi saa nzima ni lita 600 hadi 900 zinazokwenda kwenye nyasi. Mtelezo ulioundwa vizuri una pampu ndogo inayorudisha maji ya kidimbwi juu, lakini hata huo unaweza kuhitaji lita 2,000 za kuanzia. Hayo ni madumu 100 ya lita 20. Punda mmoja hubeba manne. Kwa mama wa Endabash, hizo ni safari 25 za punda. Kwa kiwango cha chini cha lita 20 kwa mtu kwa siku, ni maji ya watu 100.

Huku juu tunakunywa maji ya chemchemi na visima vinavyotegemea msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Hoteli yenye kisima chake na mapipa ya kuvunia mvua itafanya hesabu yake. Kijiji kinachopanga foleni kwenye bomba hakina hesabu ya kufanya, na kwa boma la Endulen wakati wa kiangazi, ng'ombe wakiwa wamesimama wakisubiri zamu ya kunywa, hata kuuliza ni kejeli.

Maji yanayozunguka nayo huchafuka upesi. Watoto hamsini wakipita, kidimbwi kimebeba vumbi, jasho na mkojo, na kila mmoja atayameza kidogo. Yanahitaji klorini na kubadilishwa kila siku. Yasichotwe kwenye mifereji ya umwagiliaji ya Mang'ola, kwa hofu ya kichocho kinachoingia kupitia ngozi. Taulo moja isifute nyuso kumi, hasa huku ambako vikope bado vinasumbua macho ya watu. Na baridi isisahaulike: Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyelowa mwezi Julai hutetemeka kabla hajafika chini.

Kwa kijana aliyetuuliza kama anunue, ushauri wetu ni huu. Aanze na jumba la kavu, dogo, lenye sehemu zote za kufungia, na pesa ya kwanza aweke kwenye jenereta na mambo ya chuma kabla ya rangi na matangazo. Afungue asubuhi, ashushe watoto saa tano upepo unapoanza, afungue tena jioni ukitulia. Mtelezo wa maji aungoje miezi ya joto, na mteja mwenye kisima. Na siku akiupata, maji ya kumwaga jioni asiyatie klorini nyingi kupita kiasi: yaache yakae wazi hadi kesho yake, kisha wape jirani wenye migomba.