KUTOKA KWA BWANA SHAMBA: Jiko la Mkaa Usilale Nalo



Leo tutoke shambani kidogo, tuingie jikoni.

Dada yangu anaishi Soweto, jijini Mbeya. Amepanga vyumba viwili. Anauza maharage yaliyopikwa na barafu za watoto. Usiku mmoja wa Julai nililala kwake. Baridi ilikuwa kali, kama tunavyoijua sisi wa Nyanda za Juu. Friji lake lilinguruma kama trekta. Dada akalifunika kwa blanketi ili watoto wapate usingizi. Kisha akafunga madirisha, akaingiza ndani jiko la mkaa. Maharage ya kesho yalikuwa bado hayajaiva.

Usiku wa manane binti yake aliamka akilia kichwa. Alisimama, akaanguka. Tulimtoa nje upesi, tukampeleka hospitali. Alipona. Lakini mimi, bwana shamba, niliona jiko likiingizwa ndani nikanyamaza. Nilifurahia joto. Ndiyo maana ninaandika leo.

Hewa ya sumu

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hata mkaa usiotoa moshi unayo. Aliyelala huweza kufa bila kuamka. Basi, pikia nje au mahali penye madirisha wazi. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au akitapika karibu na jiko, mtoe nje kwanza. Halafu mpeleke hospitali.

Kikapu kinachopika

Mbeya iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu maji huchemka kabla ya kupata moto mkali kama wa pwani. Kwa hiyo maharage yetu hukawia kuiva. Lakini kuongeza mkaa hakusaidii. Maji yakishachemka hayazidi kuwa ya moto. Kifuniko kikirukaruka na kupiga kelele, kinakuambia: unachoma fedha bure.

Fanya hivi:

1. Loweka maharage usiku kucha. Mwaga maji hayo, weka mengine.

2. Yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa.

3. Chukua kikapu kikubwa. Tandika majani makavu au matambara chini na pembeni. Unene uwe wa kiganja.

4. Weka sufuria ndani ikiwa bado ya moto, na kifuniko chake. Juu yake weka mto wa matambara.

5. Usifunue kwa saa nne. Ukifunua, joto linatoka. Kisha chemsha tena mpaka yaive vizuri.

Kikapu hakina moto. Hiki unaweza kulala nacho chumbani.

Friji linalonguruma

Friji usilifunike. Joto lake hutokea nyuma. Ukilifunika, mashine yake hufanya kazi zaidi, hupiga kelele zaidi na hula umeme zaidi.

Sisi tulifanya hivi. Tuliweka bakuli la maji juu ya friji. Maji yalilalia upande mmoja. Tukajua halikusimama sawa. Tulichomoa waya wa umeme, tukafuta vumbi nyuma. Tulikata vipande vinne vya tairi kuukuu, tukaviweka chini ya miguu yake. Mguu uliokuwa chini tuliuongezea kipande kingine. Tuliondoa sahani zilizokuwa zikigongana juu yake. Mwisho tulilisogeza mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Kelele zilipungua sana, wala hatukutoa hata shilingi. Lako likiendelea kugonga ndani, usilifungue mwenyewe. Mwite fundi.

Ndugu zangu, mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi wetu bado tunapikia mkaa na kuni, na baridi haitusubiri.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, tazama chumbani. Kama jiko limo, litoe nje. Kama uko ugenini ukaliona, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mwambie mwenyeji wako kwa heshima, kisha mwombe blanketi la pili.

Tuonane mwezi ujao.