Divai ya Jura na majani chai ya shosho

Wacha niseme hivi kabla mnirukie: hii si stori ya kuwaambia mnywe pombe. Kama hujafika miaka 18, iwe hapa Kenya ama Ufaransa, hakuna mtu anafaa kukuuzia. Lakini kama familia yenu iko na shamba mahali, hata robo ekari, naona unafaa kujua kuhusu Jura. Wale watu wanauza jina la kijiji chao. Sisi tunauza kilo.

Jura iko mashariki mwa Ufaransa, katikati ya Bourgogne na mpaka wa Uswisi. Jina lenyewe unalijua: enzi ya dinosaria inayoitwa Jurasiki ilipewa jina la milima hiyo. Mashamba ya mizabibu huko ni kama hekta 2,000 tu. Karne ya 19 yalikuwa karibu 20,000, kisha kadudu kanaitwa phylloxera, kaliotoka Marekani, kakala mizizi. Vita vikafuata, watu wakahamia mjini. Waliobaki walikuwa na kila sababu ya kung'oa na kusahau.

Nilifika huko kwa sababu dadangu anasoma Besançon, na ukipanda treni kwenda mji wa Arbois hata saa moja haiishi. Nilikuta wakulima. Buti zina matope, mikono imepasuka, na kwenye mlango wa nyumba kuna kibao kidogo kinasema karibu uonje. Hiyo picha ya waini tunayouziwa Nairobi, ya rooftop na glasi ndefu, huko hakuna mtu ana muda nayo.

Kitu chao kikubwa kinaitwa vin jaune, divai ya njano. Inatoka kwa zabibu aina ya savagnin. Kwa kawaida divai ikipungua kwenye pipa, mkulima anaongeza nyingine ili hewa isiiharibu. Hawa hawaongezi. Wanaiacha tu, na hamira inajitandaza juu kama utando na kuikinga isigeuke siki. Sheria inasema angalau miaka 6 na miezi 3 tangu mavuno ndio iuzwe. Mtoto aliyezaliwa msimu huo anaingia Gredi 1 kabla mkulima aone shilingi. Halafu chupa yake ni ya sentilita 62, inaitwa clavelin, na wenyewe wanasema hicho ndicho kinabaki lita moja ikishangoja miaka yote hiyo. Inanukia kama njugu zilizokaangwa na binzari. Haina sukari kabisa, na si kila mtu ataipenda.

Kilichonishika zaidi ni kijiji cha Château-Chalon, kimekaa juu ya mwamba kama kiota. Kabla ya mavuno wataalamu wanapita kukagua zabibu. Mwaka 1974, 1980, 1984 na 2001 wakulima wenyewe waliamua hakuna chupa itabeba jina la Château-Chalon, kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango. Fikiria hapo. Uko na madeni, uko na mapipa, na bado mnakubaliana kwamba jina ni kubwa kuliko mauzo ya mwaka mmoja.

Na jina linalindwa kisheria. Arbois ilipata ulinzi huo mwaka 1936, kati ya maeneo ya kwanza kabisa Ufaransa. Huwezi kuvuna kwingine ukaandika Arbois kwenye lebo. Pia hawakufika hapo kila mtu na lwake. Ushirika wa wakulima wa Arbois ulianzishwa 1906, na bado uko. Ni wazo lile lile la ushirika tunalolijua sisi kwenye kahawa na maziwa.

Sasa utalii. Kuna barabara ya divai ya kilomita kama 80, kutoka Salins-les-Bains hadi Saint-Amour. Mgeni anatembea kijiji kwa kijiji, anashuka chumba cha chini ya ardhi, anaonyeshwa mapipa, anakula jibini ya Comté, anaonja. Akitaka, anatema kwenye ndoo, na hakuna anayemcheka. Arbois pia kuna nyumba ya Louis Pasteur, aliyekulia hapo na kutumia divai ya hapo kuchunguza kinachofanya kinywaji kiharibike. Na tangu 1997 wana sherehe ya kutoboa pipa la vin jaune ambayo hufanyika Februari na huhama kutoka kijiji hadi kijiji, ndio kila mtu apate wageni.

Sisi tunaotengeneza video, hapa tusikize. Ufaransa ina sheria ya 1991, sheria ya Évin, inayobana matangazo ya pombe. Kwenye TV hayaruhusiwi, na penye ruhusa unasema tu kitu kimetoka wapi na kimetengenezwa vipi. Huwezi kuuza kwa warembo na raha. Unabaki na udongo, kazi na mahali. Hapa kwetu kijana analipwa ashike chupa acheke, na hajui hata hiyo chupa ilijazwa wapi.

Najua mtaniambia: wewe umeona Uzungu ukachanganyikiwa. Sawa. Jura si paradiso. Baridi kali ya Aprili 2021 ilichoma machipukizi, na wakulima wengi wakapoteza sehemu kubwa ya mavuno. Pia si kila mkulima anaweza kungoja miaka 6. Shosho yangu hawezi kungoja hata miezi 6, fee za wajukuu hazingoji.

Lakini ni yeye ndiye ninayemfikiria. Ana ekari mbili za majani chai Murang'a, na wajomba wangu wanataka ing'olewe igawanywe ploti. Hesabu yao ni rahisi: kilo haina pesa. Ni kweli, kilo haina pesa. Kenya imepanda chai tangu 1903 kule Limuru, na mpaka leo nyingi inapita mnada wa Mombasa ikiwa kwa magunia. Mnunuzi anajua imetoka kiwanda gani. Akishaichanganya na kuipaki, anayekunywa London hajui hata ridge moja ya Murang'a.

Sisemi shosho afungue hoteli. Nasema kabla ya trekta kuingia, vijana wa ile ridge tujaribu vitu vitatu. Tuongee na kiwanda kipaki hata sehemu ndogo ikiwa na jina la mahali. Tupokee wageni wachume, waone mashine, wanywe chai, walipe. Limuru tayari kuna shamba linalofanya hivyo. Na tukubaliane kwamba majani mabaya hayabebi hilo jina, hata mwaka ukiwa mgumu.

Ploti unauza mara moja. Ridge ikishakuwa mabati na mawe, hakuna jina la kuandika kwenye pakiti. Wajomba, mnipe misimu miwili tu.