Mashine za gemu: picha kali au bei nafuu?

Agosti 2025 kampuni ya Sony ilipandisha bei ya PlayStation 5 nchini Marekani kwa dola 50. Mashine iliyoingia sokoni mwaka 2020 kwa takriban dola 500 wakati huo ikafika dola 550. Si jambo la kawaida. Mashine hizi za kuchezea gemu kwenye runinga hushuka bei kadiri zinavyozeeka.

Je, mnunuzi hufuata nini hasa? Turudi mwaka 2006. Sony ilileta PlayStation 3, yenye nguvu na picha kali, kwa dola 500 na nyingine 600. Nintendo ikaja na Wii kwa dola 250. Picha zake zilikuwa hafifu, lakini ukipunga mkono, raketi iliyo kwenye runinga inapiga mpira. Hata bibi aliweza kucheza. Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 101. PlayStation 3 ilisuasua mpaka Sony ilipoishusha hadi dola 300 mwaka 2009, ikaishia kama milioni 87.

Basi bei ndiyo kila kitu? Hapana. Wii U ya mwaka 2012 ilianzia dola 300, ikauzwa milioni 13 na nusu tu. Gemu zake zilikuwa chache, na wengine hawakujua hata kama ni mashine mpya.

Hata hivyo, picha kali haimsaidii asiyemudu kununua. Wenye kipato kidogo wamezoea kusubiri bei ishuke. Safari hii, waliosubiri ndio wanaotozwa zaidi.