Mdomo Wake, Sauti ya Mwingine

Nianze na jambo lenyewe. Mtu mwenye uwezo wa kuongea aachwe aongee kwa sauti yake. Nyinyi mnaovaa vizibao vyenye nembo na mnaosoma jarida hili, mkiona nawagusa, ni kweli nawagusa.

Hapa Kigobe kuna mama mmoja ambaye ninawafundisha watoto wake masomo ya jioni. Kwake ndiko nilikoona filamu ya televisheni juu ya maisha ya Dorothy Dandridge. HBO ya Marekani iliitoa mwaka 1999, na Halle Berry ndiye anayemwigiza. Dorothy alikuwa mwigizaji na mwimbaji, na ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kugombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya Carmen Jones ya mwaka 1954. Alikufa mwaka 1965, ana miaka 42 tu. Berry alipata Emmy kwa kumwigiza, na mimi sina ubishi, alistahili.

Lakini ngojeni niwaambie habari ya hiyo Carmen Jones. Dorothy anafungua mdomo kuimba, na sauti inayotoka si yake. Ni ya Marilyn Horne, binti wa Kizungu wa miaka kama 20, aliyekuwa anaanza kazi ya opera. Harry Belafonte, yeye pia alipachikiwa sauti ya mtu mwingine. Belafonte jamani! Watu wawili wanaokula kwa kuimba, wanaitwa kwenye filamu ya nyimbo, halafu wanaambiwa: leteni nyuso, sauti tunazo.

Wapo wanaotetea. Eti muziki ulikuwa wa Bizet, wa opera, na koo la Dorothy lilikuwa la nyimbo za ukumbini. Sawa. Nani aliamua kwamba hadithi ya watu weusi wa Marekani lazima iimbwe kwa koo la opera? Si Dorothy. Aliyechagua kipimo ndiye huyo huyo aliyesema kwamba yeye hafikii kipimo.

Na filamu tuliyoiona Kigobe ilikuwa imepachikwa Kifaransa, si mnajua vile chaneli za huku zilivyo. Kwa hiyo tulikuwa tunamwangalia Berry akiongea kwa sauti ya Mfaransa tusiyemjua, akiimba kwa sauti ya Wendi Williams, akimwigiza mwanamke ambaye naye aliimbiwa na Marilyn Horne. Mama mwenye nyumba akauliza, “Sasa Dorothy mwenyewe yuko wapi hapo?” Simlaumu Berry. Yeye anamwigiza marehemu, na kuigiza ni kuazima. Ila mwaka 1954 Dorothy alikuwa hai, amesimama pale pale, na koo lake zima.

Sasa tuje kwetu. Kuna shirika moja, jina nitaliacha, lilikuja na kamera. Nikaketi, nikaongea Kiswahili, tena polepole. Nilisema kwamba diploma yangu ya ualimu iko ndani ya sanduku tangu nilipovuka Ruzizi, na kila ofisi ninayopeleka karatasi zangu inanielekeza ofisi nyingine. Miezi mingi baadaye nikaonyeshwa video kwenye simu. Uso ni wangu, kitenge ni changu, mikono inakwenda vile mikono yangu inavyokwenda nikikasirika. Juu yake msichana mwenye sauti tamu anasema kwa Kifaransa kwamba zamani nilikuwa mwalimu na leo nina matumaini tena. Sanduku halimo. Ofisi hazimo. Na sauti yangu imeshushwa chini kabisa kama redio ya jirani.

Niliuliza kwa nini. Majibu niliyopewa wengi wenu Musasa na Bwagiriza mmeshayasikia: watazamaji wa Ulaya hawapendi kusoma maandishi chini ya picha, lafudhi inachosha, video lazima iwe fupi. Sababu moja tu naikubali: usalama. Yupo ambaye sauti yake ikitambulika kule alikotoka, ndugu zake watapata shida. Huyo abadilishiwe sauti, na uso wake ufichwe pia. Mimi uso wangu uliachwa wazi kabisa, kwa hiyo usalama haukuwa sababu.

Hilo la watazamaji wa Ulaya kuchoka silikubali hata kidogo, na ushahidi umezaliwa papa hapa Burundi. Khadja Nin alikwenda kuishi Ubelgiji, akaimba Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na mwaka 1996 akatoa albamu ya Sambolera. Wangapi kule walielewa maneno? Walisikiliza hivyo hivyo, wakainunua. Hakuna aliyempa binti wa Brussels amwimbie.

Na nenda nyuma zaidi, kwa Siti binti Saad wa Zanzibar. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akapewa jina hilo hilo, Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu. Watu walimcheka sura yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na santuri zikaenea pwani na bara. Watu ambao hawakuwahi kumwona walimjua kwa sauti, na ndani ya sauti hiyo aliweka kesi za mitaa ya Zanzibar, pamoja na ile ya Kijiti, aliyemuua mwanamke akatorokea bara. Dorothy alienezwa uso bila sauti. Siti, aliyechekwa uso, alienezwa sauti peke yake, na ndiyo maana hadi leo tunajua alichosema. Shaaban Robert alimwandikia kitabu. Siku akitengenezewa filamu ya televisheni, na natamani ifike, watafuteni waigizaji wazuri kadiri mnavyotaka, lakini nyimbo zichukueni kwenye zile santuri, hata kama zinakwaruza.

Kwa sasa nina ombi dogo. Ile fomu ya ridhaa tunayotia sahihi kabla ya kupigwa picha ina mstari wa jina, mstari wa tarehe, na mstari unaosema picha yangu itumike. Ongezeni mmoja: sauti yangu ibaki, tafsiri iandikwe chini, na nisomewe tafsiri hiyo kabla haijatoka. Wasipouongeza wao, ndugu zangu, uandikeni wenyewe kwa kalamu pembeni mwa karatasi, kisha ndiyo mtie sahihi. Mimi nilifanya hivyo mwezi uliopita. Yule kijana wa kamera aliisoma, akampigia mkubwa wake simu, akakaa nje karibu nusu saa. Aliporudi aliwasha mashine, akaniambia niongee.