Umande Hauna Kosa

Acheni kuusingizia umande.

Julai moja, saa kumi alfajiri, nilimsimamisha babu kwenye shamba lake la viazi huko Matamba, chini ya uwanda wa Kitulo. Nyuma yake, upande wa kaskazini-mashariki, Kilimia kilikuwa kimeshapanda. Ni nyota ambazo baba yake, alivyosema, alizitazama kabla ya kushika jembe. Akasimama tuli kwenye baridi ile, koti limefungwa hadi shingoni. Nilipiga picha 40. Zote zilitoka kama zimepigwa nyuma ya mvuke wa chungu.

“Ni umande, babu. Tutarudia mwakani.”

Mwakani hakuwapo.

Wapiga picha za nyota tunapenda kusema umande ni bahati mbaya. Si kweli. Usiku usio na mawingu wala upepo, kioo cha lenzi hupoteza joto lake kuelekea angani mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Unyevu wa hewa ukikigusa, unageuka maji. Yaani usiku uleule tunaouombea ndio unaolowesha lenzi. Anayelijua hilo na asijiandae, amlaumu nani?

Dawa ni joto kidogo, tena mapema, kabla ukungu haujaingia. Mkanda wa joto unaozungushwa kwenye lenzi na kuchomekwa kwenye pawabenki unatosha. Kioo kinahitaji digrii chache tu. Huna mkanda? Pasha mchele mkavu jikoni, utie ndani ya soksi, uifunge kuzunguka lenzi. Haitakesha, lakini itakupa muda. Kufuta kwa kitambaa si dawa: maji yanarudi baada ya dakika chache, na vumbi linakwaruza kioo. Kupuliza kwa mdomo ndiyo kuongeza unyevu.

Mtasema vifaa ni ghali. Mimi nilikuwa nimekopa ili ninunue lenzi ile, na bei ya mkanda haifiki hata robo ya deni. Wenzangu waliniuliza lenzi inaingiza mwanga kiasi gani. Hakuna aliyeniuliza nitaipashaje joto, nami sikujiuliza. Pawabenki nilikuwa nayo mfukoni, inachaji simu.

Picha zote 40 ninazo bado. Shangazi huweza kukuonyesha babu ni kivuli kipi. Kilimia hakionekani.