Rafiki Anapokuwa Mpangaji

Mwezi wa Julai, mvua zinapokwisha na vumbi kutanda juu ya njia za Kamembe, nyumba nyingi zinazotazama Ziwa Kivu hufunguliwa madirisha. Ni nyumba za watu wenye asili ya Rusizi ambao kazi imewapeleka mbali: askari walioko kambini, polisi walioko Kigali au Musanze, walimu na makarani wa serikali. Walizijenga kidogo kidogo, huyu kwa akiba yake, yule kwa mkopo wa Zigama CSS, taasisi ya akiba na mikopo inayowahudumia wanajeshi na polisi. Walitaka watoto wapate pa kulala wakati wa likizo, nao wenyewe wapate pa kurejea siku ya kustaafu. Agosti ikimalizika familia hupanda basi, hukata msitu wa Nyungwe kuelekea Huye na Kigali, na nyumba hufungwa tena hata Krismasi.

Lakini nyumba iliyofungwa haipumziki. Kando ya Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua za vuli huanza Septemba na zile za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Magodoro hushika ukungu, mchwa hupanda kwenye miimo ya milango, na bati lililolegea huruhusu tone moja la maji ambalo baada ya mwezi huwa doa la dari nzima. Wakati huo huo mkopo hukatwa katika mshahara kila mwezi, nyumba iwe ina mtu au haina. Kwa hiyo si ajabu mwenye nyumba akafikiri kupangisha. Na wa kwanza kubisha hodi, aghalabu, huwa ni rafiki.

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa jambo hili. Sajini mmoja, mzaliwa wa Rusizi, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu karibu na Kamembe. Rafiki yake, mwalimu wa shule ya msingi, walikaa naye dawati moja tangu utotoni. Miaka ile sajini alipokuwa Darfur katika kikosi cha kulinda amani, mama yake mzazi aliugua usiku, na ni mwalimu huyu aliyempeleka hospitali ya Gihundwe na kukesha naye siku nne. Mtu aliyekutendea hivyo humwambii bei.

Basi mwalimu alipoomba nyumba, sajini alitaja faranga 40,000 kwa mwezi, nusu ya ambazo mtu baki angetozwa. Mwalimu alitaka kuandika. Sajini alicheka, akasema, "Ndugu yangu, baina yetu sisi wawili karatasi ya nini?" Wakapeana mikono, na funguo zikabadilisha mfuko. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba.

Julai iliyofuata sajini alipata likizo. Alishuka kwenye basi jioni akiwa na mkewe na watoto watatu, mizigo kichwani. Mlangoni alipokewa kwa furaha ya kweli. Lakini mke wa mwalimu alikuwa amejifungua wiki mbili tu zilizopita. Mama mkwe alilala katika kitanda cha watoto wa sajini, na chumba cha tatu kilikuwa na mpwa aliyekuja kusoma. "Shemeji, karibuni sana," alisema mwalimu, "tutabanana humu humu." Usiku ule watoto wa sajini walilala mkekani sebuleni, katika nyumba ambayo baba yao alikuwa akiilipia.

Asubuhi sajini alitoka uani, akakuta kisiki. Mparachichi alioupanda marehemu baba yake ulikuwa umekatwa. Mwalimu alieleza kwa moyo mweupe kwamba mizizi ilikuwa ikipasua ukuta wa jikoni, na kwamba alimlipa mkataji kwa fedha zake mwenyewe. Alieleza pia kuwa pango la miezi miwili halikulipwa kwa sababu upepo uling'oa mabati, naye akanunua mengine na kumwita fundi. Sajini hakujibu neno. Siku ya tatu alimwambia mkewe wafunge mizigo, wakaenda kumalizia likizo kwa dada yake. Tangu siku hiyo simu hazikupigwa tena. Baba yake mwalimu alipofariki Septemba, sajini alifika mazishini, lakini alisimama nyuma kabisa ya watu, na akaondoka kabla ya kupeana mikono.

Nani kati yao alikuwa mwovu? Hakuna. Na hapa ndipo penye fundisho. Mwenye nyumba anapompunguzia rafiki pango, huandika moyoni mwake kwamba ametoa zawadi, na kwamba zawadi hiyo itarudishwa kwa njia fulani: kwa kuitunza nyumba, kwa kupisha wakati wa likizo, kwa shukrani. Mpangaji naye huandika moyoni mwake hesabu nyingine kabisa. Yeye ndiye anayelinda nyumba isivunjwe na wezi, anayewasha moto jikoni ili unyevu usiingie, anayepiga mbio bati linapong'oka. Kwa hesabu yake, yeye ndiye anayemsaidia mwenziwe. Hesabu zote mbili ni za kweli, ila kila moja imefungiwa katika kifua cha mtu mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya kwanza kupotea katika mambo haya huwa ni urafiki wenyewe.

Wengi hudhani kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana, na kwamba huandikiwa mgeni tu. Ukweli ni kinyume chake. Mgeni akikosa kulipa, mwenye nyumba humdai bila haya. Rafiki hadaiwi, hunyamaziwa. Anayehitaji karatasi zaidi, basi, ni yule ambaye mtu hataweza kumsemesha jambo likiharibika. Mwenye nyumba anaweza kuyaanza mazungumzo kwa upole: "Ndugu yangu, tuandike leo tukiwa tunacheka, ili tusije tukasemezana siku tumekasirika." Rafiki wa kweli hataudhika. Akiudhika kwa hilo, ni afadhali mwenye nyumba ajue kabla ya kukabidhi ufunguo.

Mkataba wenyewe hauhitaji maneno ya mahakamani. Ukurasa mmoja wa daftari, nakala mbili, sahihi za pande mbili na za wake zao, pamoja na shahidi mmoja anayeheshimiwa na wote, vinatosha. Mambo ya kuandikwa ni haya:

1. Siku za mwenye nyumba. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika nyumba ya likizo. Tarehe za kurejea kwake, Julai na Agosti, au wiki mbili za Krismasi, zitajwe wazi. Iandikwe pia kama mpangaji atahama siku hizo, au atabaki na vyumba vipi, na kama pango la mwezi huo litapunguzwa. Mwenye nyumba asiyeweza kutaja tarehe kwa sababu ya amri za kazi, kama ilivyo kwa askari wengi, na akubali kutoa taarifa ya mwezi mmoja, au vinginevyo afikie kwa jamaa.

2. Pango na zawadi. Bei halisi iandikwe, na punguzo la urafiki liandikwe kando yake. Ikiwa nyumba ni ya faranga 80,000 na rafiki atalipa 40,000, yote mawili yaonekane. Zawadi iliyoandikwa huonekana na wote wawili, wala haitageuka deni la kunong'onezwa.

3. Idadi ya wakaaji. Ndugu hufika, watoto huzaliwa, na hilo si kosa. Lakini mkaaji mpya wa kudumu aelezwe mapema.

4. Matengenezo. Kiwekwe kiasi, mathalani faranga 20,000, ambacho mpangaji anaweza kukitumia bila kuuliza na kukikata katika pango akiwa na risiti. Zaidi ya hapo ni lazima simu ipigwe kwanza. Wala mti, ukuta au kaburi lililoko uani visiguswe bila ruhusa.

5. Umeme na maji. Umeme wa kulipia kabla, ambao Wanyarwanda huuita Cash Power, umeondoa ugomvi mwingi, kwa maana kila mtu hununua anaoutumia. Maji ni jambo jingine. Ankara huja kwa jina la mwenye nyumba, na deni humfuata yeye. Mita isomwe siku ya kukabidhi na namba yake iandikwe.

6. Orodha ya vyombo. Vitanda, magodoro, sufuria, viti, mtungi wa gesi: vyote vihesabiwe na hali yake itajwe. Vile ambavyo mke hataki viguswe, vyombo vya harusi, picha za wazee, hati za ardhi, viwekwe katika chumba kimoja na kifungwe.

7. Nyufa. Watu wa Rusizi hawahitaji kuelezwa sana. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliipiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu. Nchini Rwanda watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, na makanisa, shule na nyumba nyingi zilipasuka. Katika ardhi kama hii ukuta unaweza kufanya ufa bila mtu kuugusa. Kila ufa upigwe picha kwa simu siku ya kukabidhi, ili usije ukahesabiwa juu ya asiyeufanya.

Baada ya mkataba wa wawili, yako pia yanayoihusu serikali, na askari au polisi hana ruhusa ya kuyapuuza. Kiongozi wa mudugudu aelezwe nani anakaa katika nyumba, ili mpangaji atambuliwe na majirani na aitwe kwenye umuganda kama wengine. Pango ni mapato, na mapato hayo hutangazwa kwa mamlaka ya mapato na kulipiwa kodi ya serikali kufikia tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata. Urafiki haufuti wajibu huo. Tena, ng'ambo ya daraja la Rusizi, huko Bukavu, dola ya Marekani hutumika sokoni kama fedha ya kila siku, na wapo wenye nyumba wanaotamani kulipwa hivyo. Nchini Rwanda malipo ya namna hiyo baina ya wakaaji hayaruhusiwi: pango hutajwa na kulipwa kwa faranga.

Jambo jingine la mpakani ni ghala. Nyumba iliyo karibu na mpaka humvutia mfanyabiashara, na chumba kitupu hujaa marobota upesi. Tangu Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016, magendo ya bidhaa hiyo yamekuwa jambo la kuangaliwa kwa makini. Rafiki anaweza kumhifadhia mtu mzigo bila kuuliza ulikopitia. Lakini siku mzigo ukigunduliwa, jina litakalotajwa kwanza mtaani ni la mwenye nyumba, hasa akiwa ni mtu wa sare. Mstari mmoja katika mkataba, kwamba nyumba ni ya kulala na si ghala, unaweza kuokoa heshima ya miaka 20 ya utumishi.

Na ugomvi ukishaingia? Kabla ya mahakama, Rwanda inao abunzi, kamati za wapatanishi zilizotajwa katika Katiba ya 2003, watu waadilifu wa mahali penyewe ambao hukaa katika ngazi ya kagari na kusikiliza bila malipo. Lakini kabla ya abunzi, yuko mzee wa jirani, na kabla ya mzee wa jirani, wako wake wawili wa marafiki hao, ambao mara nyingi hujua ukweli wa jikoni kuliko waume zao.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sajini na mwalimu. Mkewe sajini ndiye aliyeanza. Desemba alikwenda kumwona mtoto aliyezaliwa, akabeba kitenge na sabuni, na hakuzungumza habari ya nyumba hata kidogo. Wiki ile ile waume wakakalishwa pamoja mbele ya mzee mmoja wa mtaani, kila mmoja akiambiwa aandike hesabu yake katika daftari la shule. Miezi tisa, Oktoba hadi Juni, ilikuwa faranga 360,000. Mwalimu alikuwa amelipa 280,000. Mabati na fundi vilikuwa vimekula 65,000, na risiti alizihifadhi zote. Mzee alipotoa na kujumlisha, zilibaki faranga 15,000.

Wanaume wawili wakaitazama namba ile kwa muda mrefu. Kwa faranga 15,000 mmoja alikuwa amesimama nyuma ya watu siku mwenziwe anamzika baba yake. Mwalimu alizitoa mfukoni palepale, na sajini alizipokea, kwa kuwa mzee alisema deni likishaandikwa lilipwe. Mparachichi haukuandikwa, kwa sababu hauna bei. Mwalimu aliomba radhi kwa ajili yake, na sajini alisema amesikia.

Mwishoni mwa Januari mwalimu alihamia nyumba nyingine, umbali wa kutembea. Nyumba ya sajini ilipata mpangaji mwingine, mtu asiyemjua, kwa faranga 80,000 na kwa karatasi. Likizo iliyofuata familia mbili zilikula sambaza pamoja kwa mwalimu, watoto wakacheza, na usiku ulipoingia sajini na watu wake wakarudi kulala kwao, kila mtoto kitandani pake.